Vidonge vya Kiuno cha Mwalimu Tabitha

Baba Njoki,

Githeri iko kwenye sufuria, pasha moto tu. Njoki yuko kwa jirani, mchukue kabla ya saa kumi. Mimi nimeenda Mugutha kwa mama. Pasi ya kusafiri niliyopewa ni ya leo tu, nitarudi na basi la jioni.

Hiyo chupa hapa mezani ni vidonge vya kupunguza unene. Vitupe chooni, Njoki asivione.

Ndiyo, nilivinunua. Siku ile ukimpima Mwalimu Tabitha gauni, ukamwambia kiuno chake kinatosha kwenye viganja viwili, nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yako.

Siku nne sikusikia njaa hata kidogo. Leo asubuhi mferejini moyo ukaenda mbio, debe likaniponyoka. Nikaenda kwa Bwana Jayant wa duka la dawa, aliyeniuzia.

Akasema, "Mama, dawa hii inadanganya kichwa kwamba umeshiba, lakini moyo inauchapa kama punda. Mwenye presha asiiguse. Mwenye mimba pia."

Halafu akaniuliza niliona siku zangu lini mara ya mwisho. Nikahesabu pale pale kaunta, nikaona zimepitiliza.

Mama amezalisha wengi. Atanishika tumbo aniambie kama mtoto yuko salama.

~~Huyo Tabitha asikanyage tena dukani kwako.~~ Mshonee gauni lake, lakini mlango uwe wazi.

Jioni njoo stendi unipokee. Bado nimekukasirikia, lakini zaidi naogopa.

Mama Njoki