Hemi ya Kaka Nassor

Jumanne usiku

Bado roho inaniuma. Babu alimwachia kaka Nassor lile gari lake la Kimarekani, Dodge Charger, ilhali aliyekuwa akiiosha na kuitengeneza pamoja naye ni mimi.

Leo tumefungua boneti. Nassor akasema, "Mdogo wangu, hii inakula mafuta. Tuitoe, tuweke injini ya Toyota Noah."

Ningenyamaza, injini ingetolewa nami ningeipata bure. Nikashindwa. "Kaka, usiitoe. Hii ni Hemi, injini yenye nguvu kuliko zote walizotia kwenye magari haya. Kiwandani waliziwekea Charger, Challenger na Barracuda chache tu."

Jioni nimemkuta barazani akiwasimulia wenzake juu ya "Hemi yangu", kwa maneno yangu yale yale. Mmoja akaapa hakuna nyingine toka hapa mpaka stesheni ya Tura.

Kaniomba kesho nimfundishe kuiwasha. Nitakwenda. Sitaki fundi mwingine aishike.