Mstari Niliouruka Katika Baba Yetu

Cimpunda, Bukavu

Mama yangu mpenzi,

Umeamkaje? Magoti je, yanakubali kukufikisha kanisani, au bado unasali mlangoni kwako ukiwa umeketi? Sisi huku tunapumua. Watoto ni wazima. Mvua imekula ukuta wa nyuma, nimeuziba kwa bati. Kila asubuhi nashuka kwa miguu mpaka Nyalukemba kushona sare za shule, na jioni napanda tena na mgongo wangu unaolalamika. Ningepiga simu, lakini mwenyewe ulisema kwenye simu humsikii mtoto wako, unasikia kelele tu. Basi naandika, na mdogo wangu atakusomea kama kawaida.

Uliniuliza kama moyo wangu umelainika juu ya yule aliyemzika Papa bila kuningoja. Sitakudanganya, Mama. Haujalainika.

Najua mnasema joto la huko kwenu Kamanyola halingoji maiti. Najua barabara ilikuwa imefungwa. Lakini mimi ndiye kifungua mimba wa Papa, udongo wa kwanza kaburini ulipaswa kutupwa na mkono wangu, nami nilifika kesho yake nikakuta kaburi limekwisha kusawazishwa. Siku moja tu, angeningoja! Huu ni mwaka wa tatu, na bado namgombeza peke yangu nikiwa kwenye cherehani.

Nilidhani mtu akiendelea kusali, moyo hubadilika polepole wenyewe. Mwaka wa kwanza, tukikaribia Baba Yetu nilikuwa natoka nje ya kanisa. Mwaka wa pili nilibaki ndani, ila nilifunga kinywa pale pa kuwasamehe waliotukosea. Padri akanipa kitubio, nikakitimiza chote, nikarudi nyumbani vile vile. Hayo ndiyo maendeleo yangu yote.

Wiki iliyopita shirika letu, yaani sisi majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, lilikuwa kwangu. Mwenye nyumba ndiye anaongoza sala, hakuna pa kujificha. Nikaanza Baba Yetu vizuri, watu kumi na mmoja wakinifuata. Kufika pale pangu, nikasimama. Wakangoja. Kwa aibu nikaruka mstari mzima, nikaendelea na ule wa vishawishi, nao wote wakaruka pamoja nami mpaka amina.

Kisha Maman Faida, mama mzee aliye mkuu wa shirika, akasema:

"Maman Nsimire, tumeruka kitu."

"Niko najua, Maman."

"Tuanze tena?"

"Mimi siwezi kudanganya Mungu mbele ya batu."

Akanitazama sana. "Basi sema nusu yako. Ile ingine tutakusemea."

Tukaanza tena. Nikaomba nisamehewe mimi, nikanyamaza, wao wakamalizia. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniliza.

Umesema unataka utuone sisi wawili tukila kwenye sahani moja kabla hujafumba macho. Mama, naogopa unangoja bure. Nimejaribu kuiona sahani hiyo akilini tu, na hata humo nageuza uso. Labda ndivyo nitakavyozeeka, mtu wa nusu sala. Wenzangu nawaona wanakua katika imani, mimi nahesabika nao tu kwa sababu benchi ni lile lile.

Tena kuna jambo nilikuficha. Katika barua zangu zote nimesalimu kila mtu wa nyumbani, mpaka mbuzi, isipokuwa yeye anayezisoma. Miaka yote hii amesoma kwa sauti salamu za wengine, yake haimo. Nilifanya makusudi, Mama, na nilikuwa nafurahi. Siku hizi sifurahi tena, lakini kutofurahi si kusamehe, usije ukapiga vigelegele.

Basi nisalimie shangazi na mguu wake mbaya, katekista anayekuletea komunyo, na yule jirani wa mihogo anayekuchotea maji. Mbuzi naye, asije akanuna.

Na wewe unayesoma, usiruke hapa. Nakusalimu. Jina lako mkono umekataa kuliandika. Mwambie Mama hiyo ndiyo nusu yangu.

Binti yako,
Nsimire