Siku Niliyosoma Shairi la Mama huko Mutsamudu

Moroni,
Ijumaa, baada ya sala

Dada yangu Rukia,

Assalamu alaykum, wewe na shemeji na wote mliomo katika nyumba yenu ya Malindi, Unguja. Kabla sijasema langu, niambie, kikohozi cha shemeji kimepoa? Na yule mdogo wenu, ameshaanza kutembea au bado anavutwa mkono? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, na mume wangu mzima. Barua hii namkabidhi mtu anayekuja huko, sikuitia posta. Siku hizi bahasha zinafika zimefunguliwa na kugandishwa tena, na yaliyomo humu ni ya kwetu sisi wawili. Nakuomba tu usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Hapa Moroni hali ni ile ile. Wazungu wenye sare nyeusi, wale askari wa kukodiwa wanaomlinda rais, wapo, wanapita na magari yao pale sokoni Volo Volo, watu wanawapisha, wakishapita kila mtu anarudi kwenye mafungu yake ya muhogo kama kwamba hakuna kilichopita. Hakuna anayesema kitu. Lakini ukitaka kukusanya watu, hata iwe maulidi ya mtaani, sharti uombe ruhusa.

Nilikuandikia zamani habari za Eshata, mwenzangu wa kwenye mitambo ya simu. Tunakaa bega kwa bega, kila mmoja na waya zake, na simu zikipungua mimi huandika mashairi yangu. Siku moja alinisikia nikisoma kwa sauti ndogo akaniuliza ninamsema nani. Nikamwambia ninamsema mama yangu, naye alitoka Mutsamudu, huko huko kwao Eshata. Basi tangu siku hiyo hakuniacha. Ana shangazi yake huko, Bi Nasabia, mkubwa wa chama cha akina mama wanaokutana kwa kasida na nyimbo. Eshata alimpigia simu nikimsikia, akamwambia amepata mtu wa kuwasomea mashairi ya Kiswahili. Mimi nilikuwa natikisa kichwa na mikono yote miwili kukataa, yeye ananitazama na kuendelea kunisifu.

Nilimuuliza nani atanifahamu. Lugha yao ni jamaa na yetu lakini si yetu, na ya Mutsamudu hata na hii ya Moroni si moja. Akasema wapo wazee waliokaa Unguja na Mombasa, na wengine atawafasiria yeye. Nami, dada, sikukusudia kusema ndiyo, ila nilitaka sana kuuona mji aliozaliwa mama. Miaka yote hii nimo katika visiwa hivi na sijafika.

Ruhusa ilitafutwa na Bi Nasabia mwenyewe. Ofisi ya serikali ikataka mashairi yaandikwe kwa Kifaransa, Eshata akayaandika. Bwana mmoja wa ofisini humo aliyasoma yote, akafika kwenye shairi la mama akauliza huo mlango unaofungwa ni mlango kweli au ni fumbo. Bi Nasabia akamjibu kuwa ni mlango wa mbao. Akatia muhuri.

Tulikwenda kwa ndege ndogo. Nilipotazama chini nikaona milima imesimama wima hata nikashangaa watu wanalima wapi. Mji wenyewe, Rukia, ungedhani uko Mkunazini huko kwenu: vichochoro vile vile vya kupita watu wawili kwa kubanana, milango ya nakshi, na harufu ya karafuu na mlangilangi. Eshata alinifundisha kuwaamkia wakubwa kwa kusema "kwezi". Nikamwamkia mama mmoja mlangoni kwake, naye akanijibu, "Mbona." Nikasimama pale nikaanza kumweleza nimetoka wapi na nimekuja kwa nini, kumbe ndivyo wanavyojibu, ndiyo marahaba yao. Eshata alicheka mpaka akashika ukuta.

Mkutano ulikuwa alasiri, ghorofani kwa Bi Nasabia. Mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa hadi ngazini, wamejitanda shiromani zao nyekundu na nyeupe, na wengi wamepaka liwa usoni. Chini barazani alikaa mzungu mmoja wa sare nyeusi na askari wa hapa hapa wa kumfasiria. Hawakupanda. Wamewekwa wasikilize tu.

Nilianza na mawili mafupi. Sauti yangu ilitoka nyembamba, sikuitambua. Eshata alikuwa akifasiri kila ubeti. Na nikaona jambo ambalo sijapata kuliona: watu walicheka mahali ambapo mimi sikuweka kicheko, na wakanyamaza mahali nilipodhani watacheka. Kuna ubeti unaosema "mbona hukunipigia", na hapo nyumba nzima ikaangua kicheko, maana wamesikia mtu anaitikia salamu. Hofu ikaanza kunitoka. Nikawa natamani kujua neno linalofuata watalipokea vipi.

Ndipo nikafika kwenye la mama. Unayajua yale aliyokuwa akitusimulia, kwamba aliondoka Mutsamudu bado msichana, na mama yake hakuteremka bandarini kumuaga. "Nilifungiwa mlango," ndivyo alivyokuwa akisema, basi, hasemi zaidi. Mimi nikayatunga hivi:

Mama kashuka bandari, bibi kafunga mlango,
Hakumuombea kheri, hakugeuza na shingo,
Mwana kavuka bahari, moyoni ana kinyongo.

Eshata hajafungua kinywa kufasiri, bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema kwa Kiswahili kizuri cha mjini, "Hiyo si kweli."

Alikuwa mzee mwembamba, wote wanamwita Koko Siti. Koko ndiyo nyanya kwa lugha yao. Marehemu mumewe alifanya biashara Mombasa naye akakaa huko miaka. Bi Nasabia akamwambia kwa upole mgeni aachwe amalize.

"Amalize uwongo?" akasema Koko Siti. "Mamake huyu ni Mariamu binti Halima. Tulikuwa tukilala mkeka mmoja."

Sikulitaja jina la mama mahali popote, si katika shairi wala kwa Eshata. Wanawake wakaanza kusema wote pamoja, huyu anamuuliza yule, yule anamjibu wa ngazini, na sauti zikapanda. Askari wa chini akaita kwa ukali kutaka kujua kuna nini. Bi Nasabia akatoa kichwa dirishani akamwambia wanawake wanagombania habari ya nyumba. Tukamsikia akimfasiria mzungu wake, na baada ya kitambo tukawasikia wanainuka na kuondoka. Habari ya nyumba haiangushi serikali ya mtu.

Nami nilikuwa bado nimesimama na karatasi yangu mkononi. Ningeweza kuendelea kusoma, ningeweza kukaa chini nijifunike uso. Aibu ilikuwepo, siwezi kukuficha, kukanushwa mbele ya watu mara yako ya kwanza. Lakini udadisi ulinizidi. Nikaketi mkekani mbele yake nikamwambia, "Basi nisimulie wewe, Koko."

Akasimulia. Anasema mlango ulifungwa kweli, lakini mama hakufukuzwa. Unajua desturi ya huku, nyumba ni ya mwanamke. Binti akizaliwa wazee wanaanza kumjengea, na mume ndiye anayehamia kwake. Bibi Halima alimjengea mama nyumba ya ghorofa, akauza mpaka dhahabu yake ya masikioni, na baba alipokuja kumuoa walikubaliana kwamba atakaa humo. Baada ya arusi baba akataka kurudi Unguja kwenye kazi yake. Bibi akamwambia aende na kurudi kama wafanyavyo waume wengine. Mama ndiye aliyekataa kubaki. Baba hakumlazimisha hata kidogo. Mwenyewe mama alisimama katikati ya nyumba yake mpya akamwambia mama yake kuwa amesikia Unguja barabara zina taa za umeme na iko nyumba ambamo picha zinatembea ukutani, na kwamba akikaa Mutsamudu atakufa hajui kama ni kweli.

Bibi alilia, akaomba, akatuma watu wazima. Mama hakutaka kusikia. Siku ya meli, bibi akaifunga nyumba na kuapa kwamba hatalala mtu humo mpaka mwenyewe arudi. Huo ndio mlango. Bandarini hakuteremka, alipanda ngomeni, kule juu kabisa ya mji, na Koko Siti, wakati huo kitoto, akafuatana naye. Anasema bibi alisimama akiitazama meli. Meli ilipotoweka alimshika mkono wakateremka, na njiani akamuuliza yeye, mtoto mdogo, "Wewe nawe unataka kuziona hizo taa?" Akajibu ndiyo. Bibi akauachia mkono wake.

Kisha Bi Nasabia akaniambia nisome yaliyobaki. Nikasema sioni tena maana ya kuyasoma, maana mwanzo wake umeharibika. Koko Siti akasema, "Mwanzo tunaujua sisi. Yaliyobaki ndiyo hatuyajui."

Nikasimama nikasoma. Nilisoma vile mama alivyokuwa akishona kofia huku anaimba, alivyogombana na muuza samaki na mwisho akamkaribisha kahawa, alivyokuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kanga. Hapo wanawake wawili watatu wakatazamana wakasema kitu, na Eshata akanifasiria: wanasema ndivyo anavyocheka Halima mdogo, binti wa binamu yake mama. Nilipofika kwenye kifo chake wakanyanyua mikono wakamsomea Fatiha. Sikupigiwa makofi, na sikuyataka.

Watu walipopungua Koko Siti alinivuta karibu. Aliniuliza swali moja tu: "Zile taa, aliziona?"

Nikamwambia aliziona. Nikamweleza alivyokuwa akikaa dirishani kila magharibi kungoja ziwake, nasi tulidhani anamngoja baba. Alitikisa kichwa polepole, wala sijui kama alifurahi au alihuzunika.

Sasa nakuuliza wewe uliye mkubwa, uliyekaa naye zaidi. Alipata kukwambia? Kwa nini atuambie alifungiwa mlango, asituambie kwamba ni yeye aliyetaka kwenda? Nimefikiri pengine aliona haya. Halafu nikafikiri kuwa kama angetuambia, mimi ningekuwa na hoja ya kumpa siku ile alipokuwa akilia nisije huku. Simkasirikii. Nimekuwa kama mtu aliyetambulishwa kwa msichana ambaye hajawahi kumuona, na ninataka kumjua zaidi.

Asubuhi yake walinipeleka kuiona nyumba. Iko karibu na msikiti, ghorofa moja, mlango wenye nakshi za maua, nusu zimeliwa na chumvi. Bibi alishika kiapo chake miaka mingi, mpaka dari ilipoanza kuanguka, ndipo akamruhusu mwana wa ndugu yake aingie kuitengeneza. Sasa anakaa humo huyo Halima mdogo, mjane, na mtu wa ucheshi sana. Nilimwambia ana nyumba nzuri. Akaniangalia kwa mshangao.

"Si yangu," akasema. "Nyumba ni ya Mariamu. Sisi tunaiangalia tu. Na Mariamu akishakufa ni ya binti yake mkubwa. Ni wewe?"

Nikamwambia si mimi, yuko Unguja, anaitwa Rukia. Akaniomba nilirudie jina, akawaita na majirani walisikie.

Nisalimie shemeji, mwambie kofia yake ipo njiani. Msalimie mama mdogo Zuwena na umuulize yeye anakumbuka nini, na nisalimie mjomba wa Ng'ambo na jirani yetu mshona magodoro. Watoto wapige busu kila mmoja kwenye paji la uso. Mume wangu anawasalimu nyote, anasema nimekuwa mtu wa maswali tangu nirudi.

Halima mdogo amekiacha wazi chumba cha juu upande wa barabara. Anakuuliza utakuja lini, na kama magoti yako yanaziweza ngazi, maana ni kali. Nimemwambia nitakuuliza. Basi nijibu, dada.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaisha