Nafasi ya Dada Mstarini

9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo? Mimi mzima, ukiliacha goti. Operesheni imekwisha salama na mpwa wako amenichukua kwake. Ananichunga utadhani yeye ndiye aliyenizaa. Nikiinuka tu, "Mama, wapi tena?" Hata chooni naaga.

Acha kujilaumu. Sikupigwa na mtu. Niligeuka nipige teke mle ukumbini kwako, mwili ukaenda, mguu ukabaki. Kano zimekatika. Sisi mafundi cherehani tunajua, uzi uliochoka hukatika hata ukiuvuta taratibu.

Ila nafasi yangu mstarini usimpe mtu. Narudi.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia operesheni imekwenda vizuri. Huku sote tunaendelea, na wanafunzi wenzako wanakusalimu mmoja mmoja.

Nafasi yako ipo. Utaratibu wetu wa karate unaujua: mgonjwa haondolewi, mahali pake panabaki wazi mpaka arudi au mimi nitangaze kwamba ametoka. Kila jioni, kati ya yule mwalimu wa hesabu na fundi bomba, kuna pengo la mtu mmoja. Juzi mgeni akaingia humo bila kujua. Fundi bomba akamshika bega. "Ndugu, hapo pana mtu."

Niligeukia ukutani, nikajifanya natafuta filimbi. Sikutaka wanione machozi.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na watoto uwabusu. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Eti hapo pana mtu!

Daktari ameridhika. Mpwa wako akishakwenda kazini, nashika sinki la jikoni na kujaribu ule mgeuko, polepole. Asijue.

Watu hunishangaa, mjane wa miaka hamsini na mbili na mkanda wa kijani kiunoni. Hata wewe sijawahi kukueleza. Tangu mama afariki, mimi ndiye wa kuwaambia wengine: wewe oga, wewe soma, wewe meza dawa. Nimeolewa, ikawa vilevile. Nimezaa, ndiyo kabisa. Mle ukumbini ndimo nilimokuta mtu wa kuniambia mimi la kufanya. Na mtu mwenyewe ni wewe, niliyekupangusa makamasi! Basi nacheka moyoni, lakini napumzika. Kweli napumzika.

Dada yako

25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenipa raha! Endelea na hilo sinki, ila usiwe na pupa. Huku fundi bomba amefaulu mtihani, naye sasa ni kijani. Nimemwambia anaweza kusogea mbele, amegoma. Anasema hawezi kukanyaga mahali pa Mama. Tunakusubiri.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa wodini. Usishtuke, roho ipo. Niligeuka pale kwenye sinki, goti likaniacha. Nililala sakafuni mpaka mpwa wako aliporudi kazini. Alilia sana. Sijamwona akilia hivyo tangu tulipomzika baba yake.

Nilikudanganya. Daktari hakuridhika hata kidogo. Tangu siku ya kwanza aliniambia karate basi, na kwamba goti likiteguka tena huenda nikatembelea magongo maisha yangu yote. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, unaijua. Bila mguu huo nitakaa naitazama.

Yote hayo niliyasikia. Lakini nikikumbuka lile pengo mnaloniwekea, nainuka tena. Hata sasa, mguu uko kwenye plasta, kichwani napiga hatua.

Kujikataza siwezi, nimejaribu. Mpwa wako akinikataza namuuliza nani kamzaa mwenzake. Nikataze wewe. Si kama mdogo wangu, huyo sitamsikiliza.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Nimeandika nikachana, nikaandika tena nikachana. Unisamehe, siwezi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Niliposhindwa karo ulishona usiku na mchana. Leo nipate wapi mdomo wa kukuambia toka? Nikikuambia ukumbini "piga magoti," huwa naona haya mpaka kesho yake. Na lile pengo, Dada, nisikufiche, nalipenda. Nikiliona najiambia unarudi.

Nitakuja mwisho wa mwezi, tukae tuzungumze.

Mdogo wako

24 Juni

Mdogo wangu,

Sijambo. Usije kwanza. Nimerudishwa nyumbani. Jana mpwa wako alinikuta nimesimama jikoni bila magongo. Alikaa sakafuni akanishika miguu yote miwili, hakuniachia mpaka nilipokaa.

Naogopa.

Dada yako

1 Julai

Mwanafunzi,

Jana jioni nilipanga mstari kama kawaida. Nilikutaja, nikatangaza kwamba umetoka. Nilimwamuru fundi bomba asogee mbele. Hakusogea. Nikarudia kwa sauti kubwa, akasogea, na wote waliokuwa nyuma yake wakasogea. Pengo halipo tena.

Vua mkanda, umkabidhi bintiyo. Hilo sinki ni la kuoshea vyombo. Hutageuka tena, hutapiga teke tena, hapo kwake wala hapa kwangu. Ukitaka kusimama, utasimama na magongo, na utasimama pale tu daktari atakaposema.

Nakuamuru. Sitaki jibu.

Mwalimu wako