Nyonga Yangu, Goti Lako

9 Machi

Mjukuu wangu Kigae,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ng'ombe wazima, majirani na midomo yao wako kama ulivyowaacha. Wewe ndiye nasikia si mzima. Mama yako kaniambia goti limevimba kama boga na unachechemea. Sasa ulitarajia nini? Binti anashinda amepiga magoti kwenye saruji, anapanga vigae vya watu tangu asubuhi, halafu anashangaa goti! Nilikwambia ujifunze kushona, ukasema cherehani inakutia usingizi. Haya.

Nimempa mama yako chupa ya dawa ya kuchua akuletee. Chua kwa nguvu, usijibembeleze. Mimi nyonga hii inanisumbua mwaka mzima sasa, natembea na fimbo, umewahi kunisikia nalia? Na unywe maziwa. Januari ulipokaa kwangu ulikuwa unamaliza kikombe kizima, cha moto toka kwenye kiwele, mashavu yakajaa. Huko mnakunywa maji meupe ya pakiti.

Bibi yako

24 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini nyonga imekupa nafuu. Dawa nimeipata, nimechua mpaka ngozi imechubuka. Goti liko vilevile.

Bibi, si vigae. Fundi mwenzangu ana miaka ishirini sakafuni na bado anaruka kama mbuzi. Mimi ni goti moja tu, la kushoto, linawaka moto, na kila jioni homa inapanda nalowa jasho kama nimenyeshewa. Zahanati wamenipa vidonge vya maumivu mara tatu. Safari ya nne nikamkuta daktari mama mmoja, mtu mzima. Goti hakuligusa kwanza. Aliniuliza nimekaa wapi, nimekula nini, nimekunywa maziwa mabichi? Kisha akavuta maji ya goti kwa sindano, akachukua na damu. Anasema wakati mwingine kiungo hakikuanza chenyewe, kuna ugonjwa mwilini umekuja kukaa hapo. Ukihangaika na goti peke yake unadeki sakafu huku bomba linavuja.

Ameniomba nikuulize: kuna ng'ombe wako aliyetupa mimba? Nijibu upesi. Msimamizi ameniwekea korido zote za jengo jipya mpaka mwisho wa Mei. Nikishindwa kupiga magoti mpaka hapo, anampa mwingine.

Mjukuu wako

30 Machi

Kigae,

Sisi wazima. Huyo daktari wako mwambie maziwa yangu yamelea watoto saba na hakuna aliyetoka na matege. Nyumba kumi na moja zinakunywa maziwa ya Madoa wangu kila asubuhi. Hakuna ng'ombe aliyetupa mimba hapa. Aangalie goti, aache zizi langu.

Bibi

20 Aprili

Shikamoo Bibi,

U hali gani? Majibu yametoka. Ni ugonjwa wa ng'ombe. Mtu anaupata kwenye maziwa yasiyochemshwa, au akimshika kwa mikono mitupu ng'ombe anayeharibu mimba. Unaingia kwenye damu, kisha unajichagulia kiungo: goti, nyonga, mgongo. Nimepewa vidonge vya aina mbili, wiki sita, bila kuruka hata siku moja. Daktari anasema nitapona.

Kuhusu Madoa sikuulizi tena. Nakuuliza kuhusu nyonga yako. Nenda kapime damu, Bibi. Nakuomba.

Mjukuu wako

11 Mei

Shikamoo Bibi,

Wiki tatu kimya. Umenikasirikia? Au unaumwa?

Mimi homa imekwisha na goti limenywea. Ila vidonge vinanichafua tumbo, kila asubuhi natapika. Nimefika nusu. Nadhani inatosha, mwili utamalizia wenyewe. Jumatatu narudi kwenye korido zangu.

Mjukuu wako

14 Mei

Kigae,

Salamu baadaye. Meza dawa!

Inatosha, nani kakwambia? Ukifika katikati ya chumba cha watu unaacha kupanga vigae, unamwambia mwenye nyumba sakafu itajimalizia?

Sasa kaa chini nikwambie, na usinikatize. Madoa alitupa mimba, mwaka jana mwezi wa pili. Nilimtoa yule ndama mfu kwa mikono yangu hii, nikamfukia nyuma ya zizi kabla majirani hawajaamka. Nilinyamaza kwa sababu mimi ndiye mama maziwa hapa, nani angenunua tena? Barua yako ya majibu ilipofika nikala jiwe. Kisha nikataka kuinuka kitini, nyonga ikagoma. Nikajiambia, we mzee, unamdanganya nani?

Nimepima. Ninao. Wangu umekaa siku nyingi, kwa hiyo nimepewa miezi mitatu. Tumbo linanichafuka na mimi. Nilimrudia daktari, akanipangia kipi nimeze nikiwa nimekula na kipi kabla. Muulize wa kwako, usijitungie.

Madoa kachukuliwa na daktari wa mifugo. Sitaki kulizungumza.

Nyumba zote kumi na moja nimeziendea kwa miguu, na fimbo, nikawaambia kwa mdomo wangu: chemsheni, na anayeumwa viungo akapime. Mama mwenye duka kanitukana mbele ya wateja. Nikasimama nikamsikiliza mpaka akachoka, ni haki yake. Fundi cherehani, na mgongo wake wa miezi minane, alivaa kofia akaenda kupima saa ileile.

Mimi ndiye niliyekupa ugonjwa, nikakaa nakuangalia unavyokunywa, nafurahi. Basi usiniache nimeze peke yangu. Kila asubuhi nachora mstari wa mkaa ukutani. Leo ni wa kumi na nane. Chora na wewe.

Bibi yako

27 Julai

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mimi mzima, na safari hii nasema kweli. Picha yako nimeipata, na habari kwamba vidonge umevimaliza vyote. Umepiga magoti yote mawili katikati ya korido, unacheka kama umeokota dhahabu. Kigae cha tatu kutoka ukutani kimepinda. Nimekiona.

Mistari yangu ilifika tisini juzi. Mama yako anataka kupaka rangi ule ukuta, nimemwambia athubutu. Fundi cherehani naye alikuwa nao, anapita hapa asubuhi tunahesabu pamoja. Ng'ombe waliobaki wamepimwa, wazima. Nyumba tisa zimerudi. Mama mwenye duka anakuja na sufuria yake, anasimama mpaka aone maziwa yanafura kwa macho yake, ndipo anaondoka. Hanisalimii bado. Atanisalimia.

Mwezi ujao njoo unipangie vigae chumba cha maziwa. Utakunywa yaliyochemka, na ukisema hayana ladha tutakosana.

Nyonga inanung'unika asubuhi, lakini tunakwenda. Fimbo nimeitundika mlangoni. Sijaitupa, maana bado nina mjukuu mkaidi.

Bibi yako