Vijidudu Vyetu na Michembe ya Bariadi

Shikamoo Mama,

Bariadi jua kali, na wanunuzi binafsi wanagombania pamba ya mwenyeji wangu, Mama Kabula. Jana nilimweleza vijidudu tunavyotengeneza maabarani, vya kusafisha shamba lenye sumu ya dawa ya pamba. Akaogopa vitawahamia ng'ombe wake. Nikamtuliza: tumevizoesha chakula tunachovipa sisi tu, vikitoroka nje ya shamba vinakufa njaa.

Akanisogezea tena michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa mgando.

“Mama yako aliandika kwamba bila wali wa nazi hutafika Jumapili. Hii sahani ya ngapi?”

Mdomo umejaa, nikawaza: hata vile vijidudu vinaweza kuzoea chakula kingine kama mimi. Nikirudi maabarani nitaomba tuvitafutie kufuli la pili, njaa pekee haitoshi.

Wewe endelea kukuna nazi, Mama, nisije nikasahau njia ya nyumbani.

Mwanao, Rehema