Mashua Mbili za Meja

Tororo, 3 Februari 1975

Mjomba Hamuza,

Chonde, usimsomee mtu yeyote barua hii, hata mkeo mama Rehemah. Ukiimaliza itie jikoni. Nimeipiga kwa mashine ya ofisi ili mwandiko wangu usijulikane.

Salaam alaykum. Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo tu, na anauliza mgongo wako unaendeleaje.

Ghalani kwetu kuna mashua mbili za matanga, za faiba, kuukuu, zilizoachwa na wenyewe, Wahindi, walipofukuzwa mwaka wa sabini na mbili. Jumamosi Meja, mwanajeshi anayetusimamia ghalani, alikuja akaniita mbele ya watu.

"Wewe karani nasoma sana. Angalia hii mbili. Mimi nataka moja ya kushindana, ya kutembea visiwa, na ya kulala ndani. Andika ripoti. Siku ya kwanza kwa maji, wewe nakaa ndani na mimi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Karani aliyenitangulia, Edeku, aliandika ripoti ya kulisifu lori moja, kisha lori hilo likakatika breki. Tangu siku hiyo hajaonekana. Koti lake bado limetundikwa kwenye kiti ninachokalia. Hakuna anayethubutu kuliondoa, wala mimi.

Sijui mashua. Sijui kuogelea. Wewe umetengeneza mashua za Wazungu Kisumu miaka kumi na miwili. Nifundishe, mjomba. Jibu mpe Fatumah muuza sabuni, ndiye anayevuka mpaka bila kuulizwa.

Mpwa wako,
Jamilu

Busia, upande wa Kenya, 6 Februari 1975

Mpwa wangu,

Wa alaykum salaam. Mwambie dada yangu mgongo bado ni wangu, sijapata wa kumpa. Barua yako imeshachemsha chai.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni ubao uliofichwa ndani yake, chini ya sitaha. Shika bisibisi, gonga kwa mpini, shibiri kwa shibiri, kama jirani yenu Agwang anavyogonga vyungu sokoni kabla ya kufungua pochi. Sauti kavu, pita. Sauti ya boga lililolala shambani, simama hapo. Gonga sana pale mlingoti unaposimama, maana ndipo maji huingilia. Kisha lala chini, angalia boliti za mkuku, ule uti wa chini ya mashua, na upapase tumbo kama lina malengelenge. Rangi isikudanganye. Hata mimi nilipendeza siku ya posa.

Na ujue kwamba nyembamba hukimbia, pana hukaa watu. Sijaona mashua iliyoweza yote mawili.

Mjomba wako,
Hamuza

Tororo, 11 Februari 1975

Mjomba,

Salaam. Tu wazima, ila usingizi sina. Leo naandika kwa mkono, mashine inatumika.

Mashua nyeupe ni ndefu, nyembamba, mlingoti wake mrefu. Ndani huwezi kusimama wala kupika. Kijani ni fupi, pana, nzito. Ina vitanda vinne, jiko na tangi la maji. Mtu anaweza kuishi humo na familia yake.

Nilizigonga siku mbili. Kijani inajibu kavu kila mahali. Nyeupe nayo inajibu vizuri mpaka ufike chini ya mlingoti. Hapo bisibisi ilizama kama kwenye papai.

Meja alinikuta nimepiga magoti. Akaipapasa nyeupe kama ng'ombe wa mahari. "Hii ndiyo ya mwanaume. Ile kijani ni bata mzee. Ama wewe naona nini?"

"Bado napima, Afande."

"Pima, pima. Macho yangu ishapima."

Nikiandika nyeupe, mlingoti utatuangukia ziwani. Nikiandika kijani, nimesema macho yake ni mabovu. Niandike nini?

Mpwa wako,
Jamilu

Busia, 14 Februari 1975

Mwanangu,

Salaam. Kunywa maji kwanza.

Neno "bovu" lisionekane popote. Mtu wa namna hiyo huogopa kuchekwa kuliko kuzama. Andika kwamba nyeupe ni kazi ya vijana: hulala kifudifudi juu ya sitaha, wanalowa, wanatapika, ili washinde. Mkubwa hukaa kwenye kijani na wageni wake, anapikiwa, anatazama wanaoshindana. Si uongo. Kule Kisumu wanene wote walikuwa na zile pana.

Mjomba wako,
Hamuza

Tororo, Alhamisi, 27 Februari 1975

Mjomba,

Salaam. Ushauri wako ulifanya kazi. Meja aliisoma ripoti amesimama, akanipiga bega: "Karani, wewe nafahamu mkubwa." Akachagua kijani. Siku hiyo nililala kama mtoto.

Leo asubuhi nilichukua karatasi ya kaboni nipige memo. Ilikuwa imechakaa, nikaiinua dirishani nione kama bado inafaa. Nikasoma: *Mjomba Hamuza, Chonde.*

Mkono wangu umezoea, mjomba. Kila karatasi ninayopiga ina nakala, na kila nakala huingia faili. Ile barua ya kwanza niliitilia kaboni bila kufikiri, na nakala niliifungia kwenye faili ya mashua, kwa tarehe yake, na jina la Edeku ndani. Faili hiyo Meja ameondoka nayo jana kwenda Jinja. Dereva wake aliwahi kuniambia huyasoma mafaili garini, wakati wa kurudi.

Mpakani Busia karani wa serikali hapiti bila kibali, na kibali hutolewa na Meja. Mama nimempeleka Bulumbi kwa dada yenu. Anadhani amekwenda kumwuguza. Wewe pia usilale nyumbani, jina lako limo.

Kesho lori linaipeleka kijani Majanji, ufukweni, kupitia Lumino, iingizwe majini. Nimeamriwa kulala ndani niilinde mpaka Meja afike Jumamosi, saa nne.

Basi nitoroshe hivi. Jumamosi alfajiri, wavuvi wa Sio Port, huko upande wenu, wanapotoka, toka nao kwa mtumbwi. Kijani itakuwa imetia nanga mbali kidogo na ufuko. Njoo kutoka upande wa ziwa, si wa nchi kavu. Usiniite jina. Gonga ubavuni mara tatu kwa mpini wa kasia. Nikiwemo, nitakujibu mara tatu kutoka ndani.

Ukisikia kimya, ujue nimechukuliwa, usigonge tena. Geuza mtumbwi, tupa wavu kama wenzako. Na mama umwambie wewe mwenyewe, usimtume Fatumah.

Mpwa wako,
Jamilu